Waya Mwekundu wa Papa Ombeni

Usiniambie niape. Nimeshaapa mbele ya mume wangu, nimewaapia dada zangu wa Tanga kwenye simu, na nimemwapia shehe mmoja hapa mtaani Overport ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kama nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikula wali na samaki wa kukaanga, na akili zangu zilikuwa zangu. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, na ukija dukani kwangu ukaniona nashika bisibisi kwa mkono wa kushoto, usidhani nilizaliwa hivyo.

Mimi si mtu wa majini. Kwetu aliyekuwa na majini ni shangazi, na mimi ndiye niliyekuwa namcheka mpaka napigwa kofi. Mimi ni fundi wa kompyuta. Huu mwaka wa kumi na moja niko Durban, na nina kibanda changu ndani ya ukumbi mmoja wa maduka, kati ya muuza mitandio na jamaa wa simu. Wanaume wa hapa walinicheka nilipoanza. Mwanamke, tena wa ushungi, eti naye kashika bisibisi! Sasa hao hao wakishindwa wanakuja kwangu kimya kimya, wananiita Dada Fundi. Najisifu, ndiyo. Ningekuwa sijisifu hata kisa hiki kisingekuwepo.

Kabla hatujaenda mbali nikueleze kitu kimoja cha kazi, maana bila hicho hutanielewa. Diski, kile kisanduku kidogo kinachotunza picha na nyaraka zako, huunganishwa kwa nyaya mbili. Mmoja unaleta umeme. Mwingine, mwembamba na bapa, mara nyingi mwekundu, ndio unaoifanya kompyuta iisome. Ukichomeka ule wa umeme tu, diski itazunguka, utaisikia inavuma, hata ukiigusa ina joto. Lakini kompyuta haitaiona kabisa. Mwenye mali atasikia mvumo atadhani mambo safi.

Halafu kuna hili. Ukumbini kwetu waya mzuri hauna mwenyewe, ukigeuka tu jirani kaondoka nao. Kwa hiyo nyaya zangu zote nazipaka tone la rangi ya kucha, zambarau, karibu na kichwa cha waya. Nikikuta tone la zambarau dukani kwa mtu, tunagombana. Na skrubu ninazofungua naziweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, moja baada ya nyingine, zisichanganyike. Ndivyo ninavyofanya kazi, kila siku, wala sibadilishi.

Papa Ombeni, yaani baba yake Ombeni, alikuja mara ya kwanza mwaka juzi. Mkongo, mtu wa Bukavu, mrefu mwembamba, amevaa kile kizibao cha njano kinachong'aa, kwa sababu alikuwa akilinda magari kwenye maegesho ya maduka, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kwao alikuwa mwalimu wa sekondari. Huku alikuwa anawaonyesha watu nafasi ya kuegesha na kuwasukumia vitoroli. Alibeba boksi la kompyuta begani, zile kubwa za mezani, akaliweka kwenye kaunta yangu taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Jambo, dada," akasema. "Iko pole pole sana. Niwekee disque mpya, lakini hii ya zamani usitoe. Uunganishe zote mbili. Hii ya zamani iko na papier yetu yote. Ya kuzaliwa kwa batoto, ya ndoa yetu, na bapicha ya mama yangu. Zile za kweli zilibaki kule, nyumba iliungua."

"Hukuweka nakala kwingine?"

"Nilikuwa nasema nitafanya." Akacheka kidogo kwa aibu. "Mwalimu mbaya, eh?"

Nikamwambia asijali, aje saa kumi. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nikafungua ubavu wa boksi, skrubu kwenye kifuniko, nikafunga diski mpya chini ya ile ya zamani, nikahamishia mfumo, ikawaka vizuri, haraka kama mpya. Kila kitu sawa.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Siku hiyo hiyo kompyuta yangu mwenyewe ya dukani ilikuwa imekufa waya wa diski ya pili, ile ninayowekea tamthilia za kuangalia wateja wasipokuwepo. Kichwa cha waya kilivunjika. Sikuwa na mwingine, na duka la vifaa liko mjini. Nikaangalia ule waya mwekundu wa Papa Ombeni, mzuri, wenye kibanio cha chuma. Nikajisemea, yeye diski ya zamani hataigusa leo wala kesho, Jumatatu nitanunua mwingine, nitamwita, nitamchomekea. Nikauchomoa kwake nikauweka kwangu. Na kwa mazoea, mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya rangi, nikaupaka tone la zambarau.

Saa kumi akaja. Nikawasha mbele yake. Akainamisha sikio, akaisikia diski yake ya zamani inavuma, kwa sababu waya wa umeme nilimwachia. Akatabasamu.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, papaa," nikamwambia.

Jumatatu ikapita sikununua. Jumatatu nyingine pia. Unajua ilivyo, leo mteja huyu, kesho yule. Akanitumia ujumbe kwamba diski ya zamani haionekani, nikamjibu nina kazi nyingi, asubiri. Wiki ya tatu akaja mwenyewe na boksi lake begani, na hapo kaunta ilikuwa imejaa watu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi kutoka Chatsworth, kulikuwa na wanafunzi wawili wa Kitanzania, na yule jamaa wa simu amejiegemeza ukutani anasikiliza, yule anayengoja siku zote nikosee.

Kufungua boksi lile mbele yao kulikuwa na maana gani? Kwamba wangeona pale pasipo na waya. Ningesema nini? Nikaweka kiganja juu ya boksi, sikufungua hata skrubu moja, nikasema, "Hii ya zamani imekufa, papaa. Ndivyo zilivyo, zikizeeka zinakufa."

"Yote?"

"Yote."

Akakaa kwenye kile kistuli changu cha plastiki. Hakulia wala hakugomba. Alikaa tu, mikono magotini, halafu akasimama, akachukua boksi lake, akaniambia asante. Asante! Mafundi tele wangemfungulia boksi lile wakaona kosa kwa kutupa jicho tu, lakini hakwenda kwao. Aliniamini mimi, kwa sababu nilikuwa naongea naye Kiswahili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mwishoni mwa njia hiyo anaweza kuwa amesimama mtu anakungoja.

Miezi kadhaa ikapita. Sikumwona tena kwenye maegesho, nikadhani kahama, na nisikufiche, nilifurahi.

Ijumaa yenyewe ilikuwa na joto la Februari, lile la kunata. Wenye maduka wengi ukumbini kwetu ni Waislamu, kwa hiyo Ijumaa kuanzia saa sita na nusu wanafunga wanakwenda msikitini, na ukumbi wote unabaki mtupu. Mimi hujifungia ndani. Nashusha geti la chuma, natia kufuli kwa ndani, ufunguo unaning'inia shingoni kwangu, nakula, naswali, naendelea na kazi kimya kimya. Siku ile umeme nao ulikatika saa saba kamili, zamu ya mgao wetu. Feni ikasimama. Mwanga ulikuwa ule unaoingia kwa juu kwenye vioo vya paa, mweupe, wa kutosha kusoma.

Nilikuwa nimeinama natafuta taa yangu ya mkono chini ya kaunta. Nikasikia, "Dada Fundi."

Nikainuka. Papa Ombeni alikuwa amesimama upande huu wa geti, ndani, na boksi lake liko tayari juu ya kaunta. Kizibao cha njano kile kile. Jambo la kwanza nililofikiri, niamini, ni kwamba nimesahau kufunga. La pili, nilipomwangalia chini, ni kwamba ana kiatu kimoja. Mguu wa kulia kiatu cheusi kilichofungwa kamba vizuri, mguu wa kushoto soksi tupu.

"Papaa, umenishtua. Umeingiaje?"

"Nimekuja juu ya ile disque."

Nikahisi uso unawaka. "Si nilikwambia..."

"Ulisemaka ilikufa," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi. "Nimeitafuta kule niko sasa. Nimetafuta sana, dada. Haiko kule."

Wewe ungeelewa nini? Mimi nilielewa kahamia mji mwingine, kazungukia mafundi wa huko. Nikaanza kujitetea, nikasema umeme hakuna, arudi saa kumi, nitaangalia tena. Akatikisa kichwa.

"Lundi, hii Jumatatu, mama ya Ombeni anaingia kwa bureau ya wakimbizi. Ni mara ya mwisho wanamungojea. Akikosa papier ya batoto, faili yao inafungwa. Lundi, dada. Toa waya yangu."

Akanyoosha kidole kuelekea kompyuta yangu.

Hakuna aliyejua habari ya ule waya. Hata mume wangu sikumwambia. Nilitaka kusema waya gani. Mikono yangu ndiyo iliyonijibia. Nikafungua ubavu wa kompyuta yangu, skrubu moja, ya pili, ya tatu, ya nne, kwenye kifuniko. Nikauchomoa ule waya mwekundu wenye tone la zambarau. Nikageuka. Boksi lake lilikuwa wazi tayari, na ndani yake vumbi jekundu laini, si vumbi la Durban, limekaa juu ya kila kitu isipokuwa ile diski ya zamani.

Na diski ilikuwa inavuma. Umeme haukuwepo, boksi halikuchomekwa popote, na diski inavuma.

Nilitaka kukimbia. Tafadhali usinione shujaa. Nilitaka kukimbia lakini geti nililifunga mwenyewe na ufunguo uko shingoni kwangu na mikono yangu haikuwa na haja na ufunguo. Nikaushika waya kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, nikausukuma kwenye diski mpaka kibanio kikalia, ta. Baridi iliyoingia kwenye vidole vile viwili sijawahi kuihisi mahali popote. Ilipanda mpaka kwenye kiwiko ikasimama hapo.

Papa Ombeni akainamisha sikio, kama siku ile ya kwanza. Akasikiliza. "Sasa ni zote mbili," akasema.

"Nisamehe," nikamwambia. Nadhani nilisema kwa sauti.

"Usiseme kwangu. Mimi iko tayari najua. Umwambie yeye, vile ulifanyaka."

Feni ikaanza kuzunguka. Taa zikawaka ukumbi mzima, friji ya muuza juisi ikanguruma, na watu wakaanza kurudi kutoka msikitini, nikisikia viatu vyao kwenye ngazi na kicheko cha yule jamaa wa simu. Kaunta ilikuwa tupu. Kufuli lilikuwa limefungwa. Kompyuta yangu ilikuwa wazi ubavu, skrubu nne kwenye kifuniko cha kopo, na waya mwekundu haukuwemo. Nilitafuta chini, nilitafuta mfukoni, nilitafuta hadi kwenye bakuli la chakula.

Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, pamoja na ule ujumbe wake ambao sikuujibu vizuri. Nikapiga. Akapokea mwanamke.

"Allô?"

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kompyuta, Overport. Namwomba Papa Ombeni, ametoka hapa sasa hivi, amesahau..."

"Mama," yule mwanamke akasema, "Papa Ombeni tulimzika. Iko miezi inne sasa. Uniambie, wewe ni nani na unataka nini?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilimwuliza anakaa wapi, na nakumbuka alinielekeza, pengine kwa kuchoka tu. Pinetown, nyuma ya viwanda, chumba cha pili kutoka robot, yaani taa za barabarani. Nilifunga duka wateja wakiwa wamesimama, nikashuka mjini, nikapanda teksi nyingine, na njia nzima niliificha mikono kwenye ushungi kwa sababu vile vidole viwili vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe.

Mama Ombeni alikuwa mwanamke mfupi, macho makavu, anasuka nywele za mtu mlangoni. Alimwambia mteja wake angoje. Ndani kulikuwa na kitanda, godoro la watoto limesimamishwa ukutani, na meza yenye kitambaa cha maua. Juu ya kitambaa walikuwa wameweka sufuria na Biblia. Nikauliza kompyuta iko wapi. Akainua kitambaa. Kumbe ile meza ilikuwa ubao tu, na mguu wake mmoja ndio lile boksi.

"Hatuigusi," akasema. "Yeye alisema disque ilikufa. Tangu siku ile hata kuwasha hakuwasha, ilikuwa inamuumiza. Na mimi nitawasha ya nini?"

Tukaliondoa. Lilikuwa na vumbi, na zile skrubu za ubavuni zilikuwa na kutu juu yake. Hazikuwa zimeguswa. Ilibidi nikaze meno kuzifungua, kwa mkono wa kushoto. Nikaondoa ubavu.

Waya mwekundu ulikuwa umechomekwa. Upande mmoja kwenye diski ya zamani, upande wa pili kwenye bodi kuu ya kompyuta, kibanio kimekaa sawasawa. Na karibu na kichwa chake, tone la zambarau. Rangi yangu, ya chupa yangu. Nilikaa sakafuni.

Mama Ombeni aliazima kioo cha kompyuta kwa jirani. Tukawasha. Diski mpya ikatokea, na chini yake ya zamani ikatokea, na ndani yake folda moja yenye jina *Famille*. Akaweka mkono mdomoni. Hati za watoto zilikuwamo, moja moja, zenye mihuri. Ndoa ilikuwamo. Bibi mmoja amekaa mbele ya nyumba ya matofali anacheka hana meno.

"Lakini wewe ulijuaje?" akaniuliza. "Nani alikutuma?"

Sasa nisikie vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia kuliko kote. Baada ya yote niliyoyaona, baada ya kiatu kimoja na diski inayovuma bila umeme, nilidanganya tena. Nikasema, "Nilikuwa napita tu huku, nikakumbuka, nikasema nijaribu."

Diski ikatoweka. Folda ilifungika yenyewe, na kwenye orodha ikabaki ile mpya peke yake. Mama Ombeni alitoa mlio mdogo. Nikaangalia waya, uko sawa. Nikazima, nikawasha. Haipo. Ndani ya boksi ilikuwa inavuma vile vile.

Nilizima na kuwasha mara tatu. Mara ya tatu nikaacha, nikamgeukia yule mama, nikamwambia. Nikaanzia kwenye tamthilia zangu. Nikamwambia nilichukua waya wa mumewe, nikamdanganya kwamba zote mbili zimeungana, nikamdanganya kwamba diski imekufa, kwa kuwaogopa watu wanne waliosimama kwenye kaunta. Nikamwambia alikuja leo saa saba mchana amevaa kizibao chake, na kwamba mguu wa kushoto hakuwa na kiatu.

Kwenye lile neno la kiatu akafumba macho.

"Kile kiatu hatukukipata," akasema. "Tulimzika na kimoja." Halafu akaanza kuongea polepole, macho bado yamefumba. "Alikuwa anataka kutuma mtu Bukavu atafute papier upya. Juu ya ile, akachukua parking ya pili, ya usiku, kwa restaurant. Mchana anafanya, usiku anafanya. Alikuwa analala amesimama, dada. Gari ilirudi nyuma, hakusikia."

Ningependa kukwambia alinitukana. Ningependa angenipiga. Kwenye kioo, bila sisi kugusa chochote, diski ya zamani ikarudi kwenye orodha. Mama Ombeni akafumbua macho, akaiona, akanyoosha kidole.

"Maliza kazi," akaniambia. "Kisha utoke."

Nikamaliza kazi. Nikanakili kila kitu kwenye flashi mbili na kwenye ile diski mpya, nikampa, nikarudisha ubavu, nikakaza skrubu. Mlangoni nilijaribu kumwambia pole. Alikuwa amesharudi kwenye nywele za mteja wake, hakugeuka.

Jumatatu ofisi ya wakimbizi ilipokea hati zake. Nilisikia kwa watu, si kwake, kwamba faili la watoto halikufungwa na kwamba mtoto wao, Ombeni mwenyewe, yuko shuleni. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninaposhukuru nakumbuka kwamba lingewezekana kwa nusu dakika tu ya kufungua boksi, baba yao akiwa hai amekaa kwenye kistuli changu.

Mimi yaliyonibakia ni haya. Vile vidole viwili havikurudi. Si kwamba vimekatika, vipo, angalia. Lakini havina hisia, na ngozi yake imekuwa laini tupu kama ganda la yai, haina hata mstari mmoja. Daktari alivitazama kwa lenzi, akaniuliza kama nimewahi kuungua. Simu yangu hainitambui. Na mimi pia ni mgeni nchi hii, nina karatasi zangu za kuhuisha. Nikifika dirishani kwenye ofisi ya uhamiaji, mashine ya alama za vidole inataka vyote kumi. Inasoma vinane, inawaka nyekundu. Yule dada wa dirishani ananiambia nijaribu tena, nafuta kidole kwenye gauni, najaribu tena, inawaka nyekundu. Nimepewa barua, nimeambiwa ningoje, nimengoja mwaka na zaidi. Nina kazi, nina mume, nina jina, na siwezi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na vidole navyo vikachukuliwa.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa na karatasi zako mahali pamoja tu, leo hii weka nakala pengine, usiseme nitafanya. Fundi akikwambia diski imekufa, mwambie afungue mbele yako akuonyeshe nyaya zote mbili. Na wewe fundi mwenzangu, unayechomoa kitu cha mtu ukisema Jumatatu nitarudisha, rudisha leo, hata kama watu wamejaa kaunta wanakuangalia.

Ijumaa siku hizi sijifungii tena, naliacha geti wazi. Lakini inapofika saa saba ukumbi umetulia, nikasikia nyuma yangu mtu anaita Dada Fundi, sigeuki upesi. Kwanza nasimama pale pale nikikumbuka wiki hiyo nimemdanganya nani.